Donge lina kumbukumbu: maswali yenu ya springi, shokapu na vitu vinavyonata

Mwezi huu sijui kuna mtihani wapi maana barua karibu zote ni za vitu vinavyovutika na kunata, nimechagua nne tu. Ya kwanza ilikuwa kurasa tatu na picha za daftari, nimeikata, mwenyewe asinune.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko mwaka wa tatu, uhandisi mitambo, hapa Dar. Tumepewa asaimenti ya modeli ya Maxwell kwenye simpo shia, tutoe jibu kwa kalamu, kompyuta hairuhusiwi. Sehemu A bamba la juu linavutwa kwa kasi moja kuanzia t = 0, hapo nimepata jibu ila lina C ambayo sijui niipeleke wapi. Sehemu B bamba linasogezwa ghafla halafu linashikiliwa hapohapo, tutafute mkazo unashukaje, mimi kila nikifanya napata sifuri!! Kitabu kinasema unaanzia G mara γ0 halafu unashuka. Nimerudia mara nne. Sehemu C turudie yote kwa Kelvin-Voigt, na pale kwenye kusogeza ghafla jibu linalipuka linaenda infiniti. Nakosea wapi? – Mwaka wa Tatu, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, halafu hongera, kwa sababu hiyo sifuri yako na mimi niliwahi kuipata, usiku mzima hosteli, asubuhi nikaenda kukopi kwa mwenzangu na yeye alikuwa amekopi pia bila kuelewa, kwa hiyo tulipata maksi na hatukujua kitu. Hesabu zako za kuintigreti ziko sawa kabisa, nimezipitia. Ulichosahau ni kumuuliza huyo jamaa katikati ya mabamba alikuwa wapi kabla hujaanza kumvuta.

Ngoja nirudi nyuma kidogo kwa ajili ya wengine wanaosoma. Chukua pakiti ya karata iweke mezani, weka kiganja juu, sukuma pembeni bila kukandamiza, karata zinateleza kila moja juu ya mwenzake, hiyo ndo simpo shia. Umbali aliosogea wa juu gawa kwa unene ndo streni, tuiite γ, kwa hiyo kama nafasi kati ya mabamba ni milimita 1 na bamba limesogea milimita 0.1 basi γ = 0.1, haina yuniti. Nguvu ya kusukumia gawa kwa eneo la bamba ndo mkazo wa shia, τ, hiyo ni paskali. Halafu tunachukulia kwamba kitu ni chepesi kiasi kwamba uzito wake wa kuanza kutembea hausumbui, yaani streni ni ileile kuanzia chini mpaka juu, maana ukianza kuhesabu na mawimbi yanayosafiri kutoka bamba moja kwenda lingine hapo asaimenti itakuwa nyingine.

Sasa Maxwell. James Clerk Maxwell aliileta hii mwaka 1867 akiwa anaandika habari za gesi, unga wala lami havikuwa kichwani mwake. Ukitaka kuiona kwa macho chukua springi na shokapu ya pikipiki uzifunge foleni, moja nyuma ya nyingine, uvute ncha. Zikiwa foleni mkazo unaopita kwa mmoja ndo huohuo unaopita kwa mwingine, lakini kuvutika kunajumlishwa. Springi inasema τ = G × streni yake, G ndo ugumu wa springi. Shokapu haijali umevutika kiasi gani, inajali unaivuta haraka kiasi gani, τ = η × kasi ya streni yake, η ndo mnato wake. Jumlisha kasi zote mbili:

dγ/dt = (1/G) dτ/dt + τ/η

Zidisha yote kwa η, halafu η gawa G uipe jina λ, hiyo ni sekunde, ndo muda wa jamaa kusahau:

τ + λ dτ/dt = η dγ/dt

Mpaka hapa tuko wote, nimeona daftari lako. Sasa badala ya kukimbilia fomula ya jumla yenye C, zidisha pande zote kwa e^(t/λ) gawa λ, upande wa kushoto unajikunja unakuwa derivativu ya kitu kimoja:

d/dt [ τ e^(t/λ) ] = G e^(t/λ) dγ/dt

Huu mstari mmoja ndo kila kitu, ubandike ukutani. Majibu yote ya Maxwell yanatoka hapa, unachobadilisha ni dγ/dt tu, yaani umeamua kumfanyia nini.

Sehemu A, kasi moja, dγ/dt = k. Intigreti kuanzia 0 mpaka t na usiache mipaka ikaning'inia, weka namba chini na juu, ndo dawa ya hiyo C:

τ(t) = ηk (1 − e^(−t/λ)) + τ(0) e^(−t/λ)

Umeiona C ilikojificha? C ilikuwa inakuuliza "kabla ya sekunde sifuri nilikuwa nimebeba mkazo gani?" na wewe ukamnyamazia. Kama kitu kilikuwa kimelala kimetulia, τ(0) = 0, unabaki na ηk(1 − e^(−t/λ)) ambayo ndo ya kitabu. Kama kilikuwa hakijatulia, kile kipande cha pili kinabaki na ni halali, kinakufa taratibu chenyewe.

Weka namba ndo utaamini. G = 1,000 Pa, η = 5,000 Pa·s, kwa hiyo λ = sekunde 5, k = 0.02 kwa sekunde. Mkazo wa mwisho ni ηk = 100 Pa. Sekunde ya 5 uko 63, sekunde ya 15 uko 95. Na angalia mwanzoni kabisa, t ikiwa ndogo, fomula inageuka kuwa G × k × t, yaani G × γ, springi tupu, shokapu bado imelala usingizi. Mwishoni inakuwa ηk, kimiminika tupu, springi ishavutika ilipofika imekaa. Mimi jibu lolote la viskoelastiki (vitu nusu springi nusu kimiminika) nikilitoa nalipima hivyohivyo, nalisogeza mwanzo kabisa na mwisho kabisa, likishindwa kuwa springi upande mmoja na uji upande wa pili najua nimepoteza λ mahali.

Sasa B, sifuri yako. Ulisema hivi: baada ya kusogeza, bamba limesimama, kwa hiyo dγ/dt = 0, kwa hiyo τ = C e^(−t/λ), na kwa kuwa mwanzoni hakukuwa na mkazo C = 0. Kila sentensi hapo ni kweli isipokuwa neno "mwanzoni". Kuna mwanzoni mbili! Kuna kabla tu ya kusogeza na baada tu ya kusogeza, na katikati yao hapo ndo bamba liliruka kutoka 0 mpaka γ0, wewe umeliruka hilo tukio lote, umefika mlangoni ugomvi umeisha unasema hapakuwa na ugomvi. Kwenye sehemu A haikukusumbua kwa sababu pale kasi ndo iliruka, streni yenyewe ilianza sifuri ikapanda polepole, kwa hiyo kabla na baada ni sawa.

Tibu hivi. Chukua ikwesheni ya Maxwell uiintigreti kwenye kale kamuda kadogo sana ka mruko, kutoka kabla mpaka baada. Kipande cha τ mara muda mdogo sana kinakwenda sifuri maana mkazo hauna infiniti pale. Kipande cha pili kinatoa λ × (mkazo baada − mkazo kabla). Upande wa kulia unatoa η × γ0. Basi:

λ τ(baada) = η γ0, kwa hiyo τ(baada) = G γ0

Na kuanzia hapo τ = G γ0 e^(−t/λ). Kwa namba zetu, γ0 = 0.1, unaanzia 100 Pa, sekunde ya 5 uko 37, sekunde ya 15 uko 5. Kwa akili ya gereji ni kwamba shokapu ukiipiga ghafla haisogei, fundi yeyote anajua, kwa hiyo mruko wote unamezwa na springi, halafu polepole springi inajirudi huku shokapu inafunguka, jumla imebaki γ0 ileile ila mkazo unaisha.

Sehemu C sasa. Hujakosea! Kelvin-Voigt ni springi na shokapu bega kwa bega, streni ni moja, mikazo inajumlishwa, τ = Gγ + η dγ/dt. Ukitaka iruke ghafla, shokapu inatakiwa itembee kwa kasi ya infiniti, itadai mkazo wa infiniti, ndo hiyo milipuko. Andika τ = Gγ0 + ηγ0 δ(t), hiyo δ(t) ni pigo la infiniti la papo hapo kwenye t = 0, sema wazi kwamba modeli hii haikubali mruko na kwamba baada ya hapo mkazo unabaki Gγ0 milele bila kushuka, mwalimu mwenye moyo atakupa maksi zote. Ya kasi moja ni rahisi, τ = Gkt + ηk, inaanza na mruko wa ηk halafu mstari. Ile modeli inapendeza ukigeuza swali, ukimpa mkazo τ0 ukamuacha ajivute mwenyewe, γ = (τ0/G)(1 − e^(−t/λ)), anajivuta mpaka anakwama. Maxwell kwa mkazo huohuo ni γ = τ0/G + τ0 t/η, anaruka halafu anatiririka hamna breki. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote jiulize unalazimisha streni au unalazimisha mkazo, mmoja ukiulazimisha mwingine ndo jibu, wanafunzi wengi wanalazimisha vyote viwili kisha wanalia.

Kingine, hiyo ikwesheni ya ukutani ukiintigreti kuanzia zamani zote badala ya sifuri unapata kwamba mkazo wa sasa hivi ni jumla ya kila ulichowahi kumfanyia, kila tendo limepunguzwa kwa e kulingana na limepita muda gani. Hiyo jumla Ludwig Boltzmann aliiandika 1874 kwa kitu chochote cha streni ndogo, siyo cha springi moja na shokapu moja tu, na mimi naona ndo njia ya kupendeza kuliko kuchora springi kumi daftarini, ila naona vyuoni wanaipitia juu juu.

Na kama utaulizwa streni ikiwa kubwa inakuwaje, kuna Maxwell iliyoboreshwa inayojigeuza pamoja na kitu kinavyogeuka. Cha kushangaza kwenye simpo shia ya kasi moja mkazo wa shia unatoka uleule, ηk(1 − e^(−t/λ)), hakuna kilichobadilika, lakini unazaliwa mkazo mwingine wa kuvuta kufuata mwelekeo wa bamba, ukitulia unafika 2ηλk², kwa namba zetu ni 20 Pa. Ndo unaofanya unga wa mkate kwenye mashine ukwee ule mkono wa kukandia kama kenge anayepanda mti wakati maji yangezunguka yakashuka katikati.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mama lishe Morogoro, hesabu zenu sizijui, binti yangu ndo ananisomea hii safu. Nikikanda unga wa chapati nikaanza kusukuma palepale, chapati inarudi, nasukuma inarudi, inakuwa nene ndogo kama sahani ya chai. Nikiacha nusu saa inatii. Jirani anasema ni maji ya moto, mwingine anasema mafuta. Ni nini hasa?

JIBU: Mama shikamoo. Maji ya moto yanasaidia kweli na mafuta yanasaidia, lakini swali lako la nusu saa jibu lake liko kwa kijana hapo juu. Ndani ya unga wa ngano ulioloa kuna protini zimeshikana kama wavu, glutenini ndo inayovuta kurudi, gliadini ndo inayolegeza. Ulivyokanda umeuvuta ule wavu kila upande na bado umebeba mkazo, ukianza kusukuma unaongeza mkazo juu ya mkazo, ukiinua mti wa kusukumia donge linarudi kwenye kumbukumbu yake. Ukiliacha linasahau. Ukisha kulisokota na mafuta kama konokono umelivuta tena, ndo maana wenye chapati laini wanalilaza mara ya pili, hawajui Maxwell na hawamhitaji.

Kuna jambo la pili dogo ambalo hesabu inalisema na mikono yako inalijua. Ukisukuma kwa kasi k mpaka mkazo ukatulia, halafu ukaachia, kiasi kitakachorudi ni mkazo gawa G, yaani λ × k. Kwa hiyo ukisukuma kwa pupa inarudi sana, ukisukuma taratibu kwa nguvu ya kutulia inarudi kidogo. Wale vijana wa vibandani wanaopiga donge pa pa pa halafu wanalalamika unga mbaya, unga hauna kosa.

(Mwaka wa Tatu kama bado unasoma: donge la mama halina λ moja, lina nyingi, za sekunde na za dakika na zaidi, kwa hiyo mkazo wake unashuka kwa jumla ya eksponensho kadhaa, Σ Gi e^(−t/λi). Ukiona data yako kwenye karatasi ya logi haitoi mstari ulionyooka usiilazimishe.)

SWALI: Kaka heshima yako. Niko maabara ya lami huku Mbeya. Tunapima lami kwenye riomita, mashine inatoa G* na delta, mkubwa wa kazi anaangalia kitu kimoja tu, G* gawa sin delta ifike 1.00 kPa, basi anasaini. Naomba kujua hiyo imetoka wapi. Halafu mbona barabara ileile, lami ileile, pale mizani na vituoni inabonyea mifereji ya matairi lakini katikati ya safari iko safi?

JIBU: Swali la pili ni tamu kuliko la kwanza ila nianze na la kwanza.

Ile riomita yenu ina bamba la milimita 25 na nafasi ya milimita 1, linatikisika kushoto kulia kwa radiani 10 kwa sekunde (hiyo ndo ω), na kwa lami mpya streni ni kama asilimia 12, ukipiga hesabu ukingoni bamba linageuka kama nusu digrii tu, ukiangalia kwa jicho utadhani mashine imezimwa. Kwa kuwa linazunguka, katikati streni ni sifuri na ukingoni ndo kubwa, kwa hiyo siyo simpo shia safi kama ya karata, mashine inarekebisha yenyewe. Weka streni ya kutikisika kwenye ikwesheni ya ukutani, subiri kile kipande cha mwanzo kife, unabaki na sehemu mbili:

G′ = G (ωλ)² / (1 + (ωλ)²)
G″ = G ωλ / (1 + (ωλ)²)

Ya kwanza inarudisha nishati, ya pili inaila. Delta (δ) ni pembe ambayo streni inachelewa nyuma ya mkazo. Tan delta ni ya pili gawa ya kwanza, kwa Maxwell inatoka 1/(ωλ), fupi hivyo. Na G* ni mkazo wa juu (hapa τ0) gawa streni ya juu (hapa γ0). Nishati inayopotea kwenye mzunguko mmoja ni π × τ0 × γ0 × sin δ, na γ0 = τ0/G*, ukibadilisha unapata:

W = π τ0² / (G*/sin δ)

Ndo hiyo ya bosi. Kwa mkazo uleule wa tairi, G*/sin δ ikiwa kubwa kinachopotea kila gari likipita ni kidogo, na kinachopotea ndo kinaenda kwenye kubonyea. Kikomo cha 1.00 kPa ni cha lami mpya, na 2.20 kPa ni cha lami iliyochomwa kwenye oveni ya kuzungusha, kwenye utaratibu wa Superpave wa Marekani. Hizo radiani 10 ni za gari linalokata upepo barabara kuu.

Na hapo ndo pana jibu la mizani yako. Lori kwenye mizani halina radiani 10 kwa sekunde, limesimama! Rudi kwa Maxwell akipewa mkazo: τ0/G inaruka na itarudi, τ0 t/η hairudi. Tairi linalopita kwa kilomita 50 kwa saa linakanyaga sehemu moja kama sekunde 0.02, lori linalosubiri karani aandike linakaa sekunde 30 na hapo karani yuko mwepesi. 30 gawa 0.02 ni 1,500. Lami haijaharibika, imepewa muda mara 1,500 wa kutiririka, tena saa nane mchana η ikiwa imeshuka kwa jua. Barabarani kwenyewe mambo ni magumu zaidi, kuna kokoto, kuna mkazo wa kushuka chini siyo wa pembeni tu, kwa hiyo usitegemee mfereji uwe mara 1,500 kamili, ila mwelekeo ni huo.

Hiyo G*/sin δ pia inadanganya kwa lami iliyowekwa polima, kwa sababu inachanganya kinachopotea na kinachochelewa kurudi. Ndo maana sasa kuna kipimo kingine, unaipa mkazo sekunde 1, unaiacha ipumzike sekunde 9, unarudia, kwanza 0.1 kPa halafu 3.2 kPa, unaangalia kilichobaki bila kurudi gawa mkazo. Kwa Maxwell kilichobaki ni sekunde 1 gawa η, basi, hakuna kingine. Kwa magari ya kawaida wanakubali mpaka 4.5 kwa kila kPa, kwa sehemu ya malori mengi yanayosimama wanataka isizidi 0.5. Mwombe mkubwa wako hicho kipimo kwa lami ya mizani, usimwambie mimi nimesema.

Na tafadhali, ukishabana lami kati ya mabamba usibonyeze staati palepale. Ile kubana yenyewe ni kuitia mkazo. Mimi nilishapoteza siku nzima ya sampuli kwa haraka hiyo, mistari inapanda inashuka bila mpango, nikamlaumu fundi wa mashine, kumbe nilikuwa napima kubana kwangu mwenyewe. Τ(0) ya Mwaka wa Tatu hiyo hapo, imevaa koti la maabara.

SWALI: Ni kweli lami ngumu ni kimiminika? Nimegombana na shemeji. – Mtu wa Tanga

JIBU: Mwambie shemeji alete nyundo na kalenda. Kwa nyundo lami ngumu inapasuka kama chupa, kwa kalenda inatiririka, inategemea λ yake ukilinganisha na subira yako. Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwalimu Thomas Parnell alimimina lami ngumu ya moto kwenye faneli mwaka 1927, akaiacha itulie miaka mitatu (huyu alijua habari za kumbukumbu), 1930 akakata mdomo wa faneli. Mnato wake wamekadiria ni kama mara bilioni 230 ya maji. Tone la nane lilidondoka Novemba 2000, la tisa liliachia Aprili 2014. Lile la nane walilitegea kamera kabisa ili kwa mara ya kwanza mtu aone likidondoka, na siku lilipodondoka kamera ikagoma.